Kiraka

Saa mbili kasorobo asubuhi, Riga, Januari.
Jua halijaamka, na silaumu:
huku kaskazini hata lenyewe ni kibarua wa nusu siku.
Navua buti zenye theluji, navaa viatu vya kitambaa,
nawasha taa ya meza ya tatu kutoka dirishani.

Meza ya kwanza ni ya Guntars tangu kiangazi.
Alinikuta hapa nina miaka minne.
Ni mimi niliyemfundisha kupika gundi ya wanga,
kuikoroga hadi igome kudondoka kijikoni.
Sasa ndiye anayetia saini likizo zangu.
Nilimpa mkono. Nilikula keki yake.
Ilikuwa tamu kweli, na hilo liliniudhi zaidi.

Miaka kumi na mmoja, msaidizi.
Mama hupiga simu Jumapili kutoka Kuldīga:
"Velga, wamekupandisha?"
kana kwamba mimi ni bendera.
Namwambia, mama, wiki hii nimefika ukurasa wa mia mbili na nane.
Kimya.
Kisha ananiuliza kama ninakula vizuri.

Kazi yenyewe ni hii:
kitabu cha ubatizo kilicholala majini
mwaka fulani wa mafuriko.
Kuvu imekula pembe, panya wamekula
majina ya watoto waliozaliwa Machi.
Naosha ukurasa, naukausha,
naziba tundu kwa karatasi nyembamba
kama utando wa ndani wa kitunguu,
nikipumua pembeni.
Ukurasa mmoja kwa siku. Siku mbaya, nusu.
Nikikosea, kila mtu ataona.
Nikipatia, hakuna atakayejua nilikuwepo.

Haba na haba, husema, hujaza kibaba.
Wasichosema ni nani amekishika hicho kibaba,
na kama hakina tundu.

Novemba niliandika barua ya kuacha kazi.
Kuna ofisi ya bima karibu na daraja,
wanatafuta mtu wa mapokezi:
mshahara mara moja na nusu, na dirisha.
Niliikunja barua mara tatu,
nikaificha kwenye kasha la sindano.

Leo nimeinua ukurasa wa mia mbili na kumi na tatu
juu ya kioo chenye mwanga,
na kuna kiraka ambacho si changu.
Siku mbili nimeushika ukurasa huu, sikukiona.
Mtu aliuziba kabla bibi yangu hajazaliwa,
kwa tambara la kitani,
kingo akazikwangua kwa kisu hadi zikayeyuka,
na juu yake jina limesalimika:
Trīne, binti wa mfua chuma.
Hakuna saini.
Kuna alama ya kidole gumba tu, kwenye gundi,
alipobonyeza akingoja ikauke,
akaondoa mkono mapema kidogo.
Huenda alichoka. Huenda aliitwa kula.
Huenda naye alikuwa na Guntars wake.

Kanuni ya chumba: viraka vya kale ving'olewe.
Nikachukua kisu. Nikakirudisha.
Nikaandika daftarini: *Kiraka cha awali ni imara. Kimeachwa.*

Guntars akaja na kalamu yake.
"Kiraka kipi?"
Nikamwonyesha kwa ncha ya kibanio.
Akainama, akavua miwani, akaivaa.
Hakukiona hadi nilipowasha mwanga wa chini.
"Alaa!" akasema, polepole,
kama mtu aliyekanyaga ngazi asiyoitarajia.

Alaa ile haikuwa yangu.
Niliipokea kwa niaba ya mwenyewe,
aliyecheleweshewa karne moja na ushee.

Barua ningali nayo, nisidanganye.
Ila nimeitazama tena jioni hii:
ni karatasi nzuri, ya pamba, haina doa.
Kesho, kabla ya mia mbili na kumi na nne,
nitakata ukanda wake mmoja
nijaribu kama gundi mpya inashika.