Gramu Mia Mbili

Mimi ni mtu wa spika. Nazikodisha na nyaya zake,
na jenereta, kwa saa.
Siku ile ilikuwa ukumbi wa nyuma ya stesheni, Tabora:
viti mia na ishirini, watu hawafiki tisini.

Wa kwanza alitoka Dodoma na picha za ukutani,
ngazi, balbu, mlima wenye bendera.
"Uongozi ni maono," akasema. Tukaandika: maono.
Wa pili alitusimamisha, kila mtu amkumbatie jirani.
Jirani yangu alikuwa jenereta.

Akaitwa Kalunde Msagata, muuza asali,
na umeme ukakatika.
Nikainuka nikawashe; akanionyesha kiganja.
"Acha. Haya hayataki kelele.

Mwaka wangu wa tatu, mizani ilishika kutu.
Kila kilo ya mrina asali ikanipa mimi gramu mia mbili.
Aliyegundua ni mtoto, kule Ipole:
alipandisha pakiti ya sukari, kilo nzima, kwa mchezo tu,
mshale ukagoma kwenye mia nane.
Nilicheka. Kisha sikucheka.

Mwizi ni mizani, sawa.
Lakini pesa zilikuwa kwangu, nimeshazipiga bati.
Usiku ule ikanyesha,
nikalala nasikiliza deni likigonga juu."

Risiti hazikuwepo. Ila kila mrinaji
huchora ndoo yake kwa mkaa, alama ya mizinga yake:
kwato, jicho, mistari miwili iliyopishana.
Akazinakili zote daftarini, akapanda baiskeli,
akawa anauliza njiani, "Kwato hii ni ya nani?"

"Lugusha nilimkuta ameshazikwa.
Nikamlipa mjane. Alihesabu mara mbili,
akaniuliza, 'Na riba?'
Nikatoa na riba."

Kijana wa mbele akanyoosha mkono: faida yake nini?
"Nilinunua mizani mpya," akasema, akakaa.
Tulicheka sisi. Yeye alikuwa anatafuta kiatu chini ya kiti.

Umeme ukarudi, spika zangu zikapiga mluzi
mwenyekiti akiwa bado anatafuta la kushukuru.

Mfukoni nilikuwa na risiti niliyoandika tangu asubuhi:
jenereta, saa nne.
Haikuunguruma hata dakika.
Nikaitandaza juu ya spika, nikafuta, nikafuta tena,
karatasi ikatoboka pale pale penye nne,
na mwandaaji, akiishika kwenye mwanga,
akaniuliza hapa palikuwa na nini.