Mizani ya Karani

Mimi ni karani wa vielelezo, parke ya Bukavu.
Mizani yangu ilipima maharage kabla ya kuingia serikalini;
sahani yake moja bado inanuka soko la Kadutu.
Naandika: bangi, furushi moja, kilo nne na robo,
imekamatwa kwa Murhula, mwendesha pikipiki, miaka kumi na tisa,
barabara ya Walungu, saa kumi na moja alfajiri.
Namba. Muhuri. Kamba ya mkonge.

Bangi yenyewe haijui kuwa ni kosa.
Imelala rafuni kati ya panga lenye kutu
na redio ambayo mwenyewe hajaja kuidai,
inanuka shamba lililonyeshewa.

Jumamosi uliitishwa mdahalo, ukumbi wa parokia:
sheria ilegezwe, au ikazwe?
Nilikaa nyuma, karibu na mlango, kama mdeni.
Wakili Ntakwinja akasimama, kola imemkaba:
"Gerezani wanalala kwa zamu.
Aliyekamatwa na msokoto analala miguuni pa aliyeua.
Atatoka na ufundi gani, kama si wa jirani yake?"
Makofi, hasa safu ya dirishani, penye vijana.

Kisha Mama Cibalonza. Hakuomba kipaza sauti.
"Wangu alianza kwa kucheka," alisema.
"Akacheka msibani. Akacheka mbele ya ekaristi.
Sasa anabishana na ukuta wa jiko,
na ukuta ndio unaoshinda."
Hakuna aliyepiga makofi.
Wakili alitazama viatu vyake.

Mwingine akasema ng'ambo ya Ruzizi inalimwa kwa kibali,
kwa uzio na taa, iwe dawa ya kuuzwa mbali.
Akajibiwa: kwetu kibali kipo tangu zamani,
kinaitwa noti, hukunjwa mara nne.
Ukumbi ukacheka. Hata polisi wa mlangoni alicheka, nusu.

Mimi sikusema.
Ningesema nini? Kwamba mama yangu, M'Birindwa,
ana uvimbe usiokatika, na mofini ya hospitali
huja kama mvua ya Julai?
Kwamba usiku wa tatu wa kilio chake
nilifungua kamba ya mkonge, nikachota,
nikachemsha na maziwa, nikamnywesha kwa kijiko,
naye saa nane ya usiku akaniuliza
kama ng'ombe wa baba yake wameshaingia zizini?
Nikamwambia wameingia. Wote.
Akalala.
Nikachota tena usiku wa nne. Na wa saba. Na wa tisa.

Leo tunachoma. Nyuma ya parke, ndani ya pipa,
mbele ya wakubwa wawili na saini tatu.
Daftari linasema nne na robo. Mizani inasema nne.
Kila furushi hupungua humu ndani;
kila mwenye saini ana sababu yake, hatuulizani.
Petroli. Kiberiti.
Moshi unapanda, unageukia Kadutu,
unaingia kwa Mama Cibalonza bila kupiga hodi,
unapita juu ya gereza alimo Murhula
akisubiri kusomewa uzito wake.

Kesho hakimu atauliza: kilo ngapi?
Nitafungua daftari, nitasoma mwandiko wangu:
nne na robo.
Robo ni yangu.
Yeye ndiye atakayeitumikia.