Dirisha la Chini

Barabara ya lami ilituacha zizini.
Kuanzia hapo ni miguu, na trekta la kuazima,
mbao za msonobari, sleti, vioo vilivyofungwa blanketi
kama wagonjwa wanaopandishwa hospitali.
Juu kabisa ya kilima, upande wa Llanidloes
(jina hilo ulipulize, aliniambia Emrys,
kama mtu anayepoza chai kwa pembe ya mdomo),
Bi Gwenllian alikuwa amesimama matopeni
akinyooshea kidole kila tusichoruhusiwa kukigusa:
mwamba ule usipasuliwe;
mti ule wenye vitunda vyekundu, nyumba ndiyo ipinde.
Nyumba ikapinda.
Jiko likaukwepa mti
kama mtu anayempisha mkwewe njiani.

Nimejenga nyumba nyingi za kujikinga na watu.
Tanga nilichomea nondo madirishani, upana wa ngumi,
mwizi aone na asipite.
Hii haina hata jirani wa kuombwa kiberiti.
Ni mwewe tu, anaelea chini yetu,
ndiyo, chini, mgongo wake mwekundu tukiuona
kama watu waliokaa upande usio wao wa anga.
Na mto Severn huko bondeni, bado mtoto,
unaruka mawe, haujaambiwa kwamba utakuwa mpana.

Nyumba njema si mlango, husema watu wetu.
Mlango wenyewe tuliuficha nyuma, ubavuni mwa kilima,
mfupi, mweusi, unainama kama unaingia ghalani.
Unapita ujia mwembamba, giza kidogo, harufu ya mbao mbichi,
halafu unageuka,
na bonde zima linakujia usoni.
Emrys, fundi wa miaka arobaini, alivua kofia.
Kisha akasema kioo kimetoka nje milimita mbili.

Chumba cha mashariki ndicho kilichotugombanisha.
Dirisha lake kwenye ramani lilikuwa chini mno:
sentimita arobaini na tano kutoka sakafuni.
Nikadhani mchoraji amekosea. Nikapiga simu.
Bi Gwenllian akapanda mwenyewe, na mabuti yake.
"Hakukosea. Piga magoti, upime tena."
Nikapiga magoti. Nikaona ukingo wa mlima na wingu.
"Sasa lala."
Nikalala chali kwenye vumbi la mbao,
nikageuza shingo kushoto,
na hapo ndipo vilipojipanga:
mti wenye vitunda, ukuta wa mawe, shamba la marehemu baba yake,
kondoo kama chumvi iliyomwagika,
paa la kanisa, na nyuma yake barabara
ambayo mtu akitoka mjini
huonekana robo saa kabla hajabisha hodi.
Kitanda cha mama yake kilikuwa kimeshapimwa,
na mto wa kichwa, na shingo isiyonyanyuka.

Bi Mair hakulala humo.
Alifariki Februari, tukiwa tumefika kwenye kenchi,
turubai likijipigia makofi peke yake.
Tulisimamisha kazi siku tatu. Ya nne
nikauliza, kwa sauti ya chini, kama dirisha lipandishwe.
Alikuwa anachambua misumari iliyopinda kutoka mizima.
Hakuniangalia.
"Utapandisha na bonde?"

Siku hizi wageni wanakuja, wanausifu mwanga,
wanaisifu sleti inayoshika joto la jua hadi saa mbili usiku.
Wakifika chumba cha mashariki wanainama, wanacheka kidogo,
wanauliza kama ni dirisha la mtoto, au la paka.
Mimi huitwa mara moja kwa mwaka,
kupaka mbao mafuta, kukaza bawaba.
Namaliza mapema.
Navua viatu, nalala sakafuni,
naangalia nani anakuja.