Uko Muzima?

Nilikuja Bukavu na cherehani na kikohozi.
Cherehani niliitangaza mpakani,
kikohozi nikakimeza.
Nilidhani ni vumbi la njia, Kigoma hadi Uvira,
kwamba kingebaki Kamanyola
kama abiria aliyeishiwa nauli.
Hakikubaki.

Chumba nilichopanga kiko juu Kadutu,
mwisho wa njia ya udongo mwekundu
ambayo mvua huichonga upya usiku
na asubuhi watu huikanyaga bila kuilaumu.
Pafu langu la kushoto lilikuwa limefunga duka.

Hatua thelathini, nikasimama
penye makaa ya Mama Nsimire.
Hakuniuliza kabila wala karatasi.
Aligeuza ndoo, akaipangusa kitako kwa kitenge chake.
"Ikala, dada. Mulima haikimbie."

Hatua ishirini tena: Cikuru, fundi wa viatu,
mwenye redio isiyo na mgongo
na maneno machache kuliko misumari mdomoni mwake.
Alinisogezea kigoda, akaendelea kugonga soli,
mpaka nikagundua anagonga
kwa mwendo wa pumzi yangu.

Kituo cha tatu sikitaji kwa fahari.
Ukuta wa kanisa. Nilitema damu
kwenye leso yenye maua,
na Ansima, muuza sambaza, binti ambaye sikuwa namjua,
akatua beseni, akanishika kiuno,
akanipeleka kwa muganga bila kufunga biashara.
Paka wa mtaa mzima walikula siku ile.

Miezi sita ya vidonge.
Mkojo mwekundu kama juisi ya rozela.
Mizani ya zahanati ikanijua kwa jina:
arobaini na moja. Arobaini na moja na nusu.
Mwezi wa nne, hamsini kasoro moja,
Sista Nankafu akaiandika ile tarakimu
kwa wino wa rangi nyingine, kama sikukuu.

Kwetu, "Mzima?" ni neno la njiani,
unalijibu ukiwa umeshageuza kisogo.
Hapa waliniuliza "Uko muzima?"
wakangoja.
Nilisema: leo nusu.
Nilisema: leo robo tatu, na hamu ya chumvi.
Wakanipa bugali ya muhogo, lengalenga,
mashanza nyeupe kwenye jani la mgomba,
na matani kuhusu Kiswahili changu
ambacho, walisema, kimevaa viatu vya shule.
"Unasemaka kama redio!"
Cikuru akaitazama redio yake, akacheka
kwa mara ya kwanza, misumari ikamwagika.

Kutoka mlangoni kwangu ziwa linaonekana
limejikunja kati ya vilima
kama kitambaa mezani kwa fundi
ambaye hajaamua atakata wapi.
Najua maji yale yatashuka na Ruzizi,
yataingia ziwa la kwetu,
yatamfikia mama Ujiji, akifua.
Barua niliyokuwa nimeitunga kichwani ilisema: njoo unichukue.
Sikuiandika.
Niliyoiandika inasema: nitumie uzi wa bluu,
sare za shule ni nyingi,
na nimepata wateja wanaochelewa kulipa,
maana yake nimekuwa mwenyeji.

Jumanne hii nimeupanda mlima kwa mkupuo mmoja,
kiloba cha vitambaa kichwani,
nikipita ndoo, nikipita kigoda, nikipita ukuta,
nikihesabu hatua mpaka hesabu ikaniishia.
Nimefika juu, nimegeuka nilione ziwa.
Chini, sauti ya makaa:
"Wee! Umepona, sasa unatupita kama mugeni?"
Ndoo ilikuwa imeshageuzwa.

Nikatua kiloba mlangoni, nikashuka.
Nikakaa, bila kuhitaji kukaa.
Cikuru aligonga soli, haraka sasa,
Ansima akanihesabia sambaza za bei
na moja ya paka,
na pumzi yangu yote, pande zote mbili,
niliitumia kucheka.