Kawia Ufike

Ofisi ilinituma juu na ramani ya mabomba.
Nilishika basi la saa kumi alfajiri kutoka Lima,
mji uliojengwa mahali mvua isipopajua,
nikiwa na koti jipya na kipimo cha mita
nilichokiamini kuliko macho yangu.

Mama alikuwa bado amelala kule kilimani kwetu,
mapipa yake mawili ya bluu nje ya mlango
yakisubiri lori la maji.
Wanaokaa chini, wenye nyasi za kumwagilia,
hulipia tangi zima bei ya ndoo yake moja.
Hilo halikuwamo kwenye ramani.

Kule Chaupirumi, Saturnina Quispillo
alianza kwa kunitazama viatu.
"Vya lami," akasema.
Akanipa buti za marehemu mumewe, kubwa kwa namba mbili,
na gazeti la kujazia vidoleni.

Tulipanda saa tatu nzima,
hadi pale ambapo pumzi hukopwa.
Akanionyesha mfereji wa mawe, wa zamani kuliko kanisa lao,
ambao haukumpelekea mtu yeyote maji.
Ulitoka kijitoni, ukakizunguka kifua cha mlima,
ukaingia kwenye changarawe, ukaishia hapo.
Nikaandika daftarini: unavuja.

Aliyasoma hayo juu ya bega langu
akacheka mpaka akakaa chini.
"Hauvuji, mhandisi. Hapa tunapanda maji."
"Kama viazi?"
"Kama viazi. Sasa ni Februari: mengi, yana pupa,
yana matope, hayasikii la mtu.
Tunayalaza chini.
Yakiamka Julai yatakuwa na akili."

Mimi ni mtu wa vipimo.
Nikamimina chupa ya rangi nyekundu kwenye mawe,
nikashuka hadi chemchemi wanapofulia,
nikakaa na glasi.

Siku ya tatu, maangavu.
Siku ya tisa, maangavu.
Siku ya kumi na tisa watoto walikwisha kunibatiza:
Bwana Glasi.
Ofisi ikapiga simu. Nikalaumu mtandao.

Nikiwa sina kazi, nilifuatana nao kwenye kinamasi
kinachoshika maji ya mlima kama sifongo.
Kilikuwa kimechunwa, kipande kwa kipande, mraba kwa mraba.
"Malori ya usiku," alisema Teódulo, mlinzi wa zamu,
kijana mwenye filimbi na tochi isiyo na betri.
"Mboji hii huuzwa mjini, kwa ajili ya maua."
Nikakumbuka vyungu viwili vya maua ya zambarau,
udongo mweusi ti, laini,
kwenye mlango wa mkurugenzi wetu.
Huwa nayamwagilia mimi, siku za Ijumaa.

Tuliziba mitaro ya wezi kwa mawe na nyasi.
Tulizungushia miche ya keñua uzio, ng'ombe wasiifikie.
Mikono yangu ilipasuka, ikapona, ikapasuka tena.

Siku ya arobaini na moja nilikuwa nimesinzia.
Kelele zikaniamsha:
Saturnina, maji magotini, ameinua blauzi yake nyeupe ya sikukuu,
nayo ina wekundu hafifu, kama shavu la mtoto aliyetoka baridini.
"Nani atanilipa hii?"

Nililipa. Kisha nikaiomba niichukue.

Katika ramani mpya nilichora mto ukianzia kinamasini,
mstari wa bluu unaozama mlimani,
halafu nafasi tupu, upana wa kidole,
halafu bluu tena.
Mkurugenzi aliuliza kama wino uliniishia.
Nikaiweka blauzi mezani pake.
Alisema ataliangalia faili.

Jioni Mama akauliza, mkono juu ya pipa:
"Hayo maji yenu yatanifikia lini?"
Nikahesabu kwa vidole.
Mlima, siku arobaini na moja.
Ofisi,
sijui, Mama.