Anua

Hoteli yetu imeupa mlima kisogo.
Vyumba vya bei vyote vinatazama maji;
huku nyuma, upande wa jikoni,
penye mapipa, jenereta na paka watatu wa mpishi,
ndiko unakoonekana Mwangea.

Si mrefu, nisikudanganye.
Ukiunyoshea kidole gumba unafichika wote,
na mbuzi wake, na njia zake,
na shule niliyoiacha darasa la saba.

Kazi yangu iko darini.
Mashuka mia na kumi kabla ya saa nne.
Nikibana pembe, upepo unalijaza shuka, mlima haupo.
Upepo ukilegea, upo.

Juzi Mtaliana mmoja alipotea akitafuta ngazi,
akatokeza kati ya kamba, kofia mkononi.
Kule kuna nini? akauliza.
Nilitaka kumpitisha Ganda, nimfikishe Kakoneni,
msitu ukiwa mkono wa kushoto,
nimwonyeshe lami inapochoka, vumbi linapopokea,
na jiwe ambapo boda humshusha mtu, akamalizia kwa miguu.
Nikasema: Kuna mama.

Leo saa tatu kasoro
wingu limekaa juu ya Mwangea
kama kuku anayeatamia.
Hapa Malindi jua linapasua vichwa.
Na kule chini, najua, bado ni jua pia,
maana aliye mguuni pa mlima
hakioni kilichokaa kichwani pake.

Nikapiga simu.
— Mama, anua.
— Nianue nini, mwanangu, na jua lote hili?
— Makopa. Anua tu. Naiona inashuka.
— Unaiona ukiwa wapi?
— Kwa wazungu.
Akacheka. Kisha nikalisikia jamvi likiburutwa,
akimwita Thoya, akimwita Mbeyu,
akimtukana mbuzi aliyesimama mlangoni;
tone moja kwenye bati, la pili,
halafu bati zima, halafu simu kimya.

— Nyevu! anaita Bwana Changawa toka chini.
Mashuka hayajikaushi kwa maongezi!

Haya.
La mia na tatu lina doa la mvinyo
lililoshinda sabuni mbili na ndimu.
Nimeligeuza: upande safi utazame bahari,
wageni wasije wakasema.
Doa nimeupa mlima.
Sisi hatufichani.