Maombi ya Njoro

Mama hupeleka maombi yake juu, kwa magoti.
Mimi yangu nayapeleka Njoro, nakala tatu,
na ada ya shilingi elfu mbili isiyorudishwa.
(Yake nayo, asema, huwa hayarudi.)

Fomu huanza na jina, na hapo hapo nikakwama.
Kitambulisho chasema Selina.
Cheti cha kidato cha nne chasema Salina.
Shahada, iliyochapwa na mtu mwenye haraka, Selima.
Wakili wa orofani karibu na soko
akanitoza mia nane, nikainua mkono nikaapa
kwamba sisi watatu ni mtu mmoja.
Nilishuka ngazi nikijihisi umati.

Umri: arobaini na sita.
Kisanduku kidogo, lakini miaka iliingia yote.
Pengo tangu masomo ya mwisho: eleza.
Nieleze nini? Karo za wengine,
Kibiwott kwanza, halafu pacha, halafu mtoto wa dada;
miaka kumi na tisa nikipima udongo wa watu kule Molo,
nikiubeba kwa mifuko ya sukari,
nikiwaambia tieni chokaa, subirini misimu miwili,
nami kwangu sikutia chokaa popote.
Niliandika: Majukumu ya kifamilia.

Kisha wakadai marefa wawili,
utadhani kuna mechi Afraha.
Wa kwanza mkubwa wangu wa kazi,
aliyetia sahihi bila kusoma, simu begani.
Wa pili sharti awe amenifundisha,
na walionifundisha, mmoja ni marehemu, mmoja yuko Kanada,
na Daktari Mulunda amestaafu, anafuga nyuki Rongai.

Nilimkuta na wavu usoni kama bibi arusi.
"Chebolei," nikasema. "Kemia ya udongo, mwaka wa tatu."
Akatikisa kichwa. Wamepita wengi.
Nikataja alama zangu. Nikataja kiti changu, dirishani.
Nyuki wakavuma katikati yetu.
Ndipo nikalitoa lile nililoomba miaka yote alisahau:
"Mimi ndiye niliyevunja kile kipimo cha kioo
kilichotoka Ujerumani."

Akavua wavu.
"Wewe! Wewe uliyekuja ofisini Jumamosi
na vigae umevifunga kwenye leso?"

Akaandika juu ya meza ya kurinia, kalamu ikinata:
Namfahamu. Alivunja kitu changu nisipokuwapo,
akaja kuniambia. Mfundisheni.
Chini sahihi, na kando ya sahihi tone la asali.
Wambere wa saiba alijaribu kulifuta, wapi,
akaiskani hivyo hivyo.
Limetokea jeusi, kama muhuri.

Yakabaki maneno mia tatu: kwa nini unataka kusoma?
Nikaandika kuhusu asidi,
kuhusu pareto inayonyauka mvua ikinyesha,
kuhusu fosforasi iliyomo ardhini tele lakini imeshikwa,
mizizi inaizunguka na njaa yake, haiwezi kuila.
Kompyuta ikahesabu: mia mbili tisini na sita.
Wambere alikwisha kuzima taa ya mbele.
Mawingu yalikuwa yanateremka kutoka Menengai.
Nikaongeza manne:
Hata mimi nimeshikwa humo.
Nikabofya kabla sijaona haya.

Mashine ikanipa nambari, na ahadi:
jibu ndani ya wiki nane.

Nyumbani Mama alikuwa bado magotini, kitambaa kimemteleza.
Nikamngoja afike amina. Nikamuuliza
yake hujibiwa baada ya muda gani.
"Wewe wamekuambia lini?"
"Wiki nane."
Akashika ukingo wa kitanda, akainuka pole pole,
goti moja, halafu la pili.
"Basi hao," akasema, "wana haraka."